Maji Kinywani mwa Mfunguzi

Sauti ya Mzee Senkondo ilipolitaja jina la mwanawe Elineema, watu waliokusanyika ukingoni mwa ndiva, bwawa la kijiji, waliacha kupiga miayo.

"Zamu ya kwanza leo ni ya Elineema," ilisema sauti ile nzito, yenye mkwaruzo kama jiwe la kunolea. "Mpeni mwanangu maji."

Mlango wa ndiva uliisikia sauti, ukaitambua, ukanguruma kwa ndani, kisha bamba la chuma likapanda. Maji yaliyokusanywa na nyavu za ukungu kule kileleni yakachomoka kwa kishindo na kuingia mferejini. Siku nyingine watu wangeyakimbilia na majembe yao. Siku hiyo hakuna aliyeyatazama. Wote walimkodolea macho mzee kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, kichwa kimeelemea upande mmoja tangu kiharusi kimpige, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Analia," alinong'ona Bi Nambike, jirani aliyepakana naye shamba na kugombana naye maisha yake yote. "Jamani, Senkondo analia! Mimi nilidhani macho ya huyu yaliumbwa kukaripia watu tu."

"Uzee huo, mama," mtu akamjibu. "Mungu akitaka kukulainisha hapigi hodi."

Nakijwa, binti wa mzee, alikuwa amesimama nyuma ya kiti akiwa na kibao cha kioo mkononi. Aliinama akamfuta baba yake machozi kwa ncha ya khanga, polepole, kama binti mwema anavyotakiwa kufanya mbele za watu. Kwenye kioo, ambako yeye peke yake aliweza kuona, maneno ya baba yake yalikuwa yakiwaka.

*Mwongo. Mwongo. Mwongo.*

Akakigeuza kibao, akakikumbatia kifuani kioo kikiwa ndani, akaanza kusukuma kiti kuelekea nyumbani.

*

Kigongwe kiliishi kwa ndiva yake, kama vijiji vingine vya juu katika milima ya Upare. Mvua za vuli zilikuwa zimebaki habari za kusimuliwa. Kilichobaki ni ukungu, na nyavu za kuunasa, na bwawa la udongo lililochimbwa na mababu ambalo kila alfajiri lilikuwa na maji ya kutosha mashamba machache tu. Kwa hiyo kila alfajiri mtu mmoja ilimbidi aseme nani apate na nani asubiri.

Zamani mlango wa ndiva ulikuwa na ufunguo, na watu waliuana kwa ajili ya ufunguo huo. Ndipo Baraza la Maji likaweka kufuli linalosikiliza. Ufunguo unaibwa, walisema wazee, lakini sauti ya mtu utaiibaje? Wakamchagua Senkondo awe mfunguzi. Hakuwa mtu wa kupendwa. Walimchagua kwa sababu kijiji kizima hapakupatikana mtu aliyempenda, wala mtu aliyeweza kumtaja mwingine ambaye Senkondo aliwahi kumpendelea.

Na hakumpendelea hata mwanawe. Mwaka wa ukame mkubwa, mama wa Elineema na Nakijwa alipolala kitandani kwa homa ya matumbo, Elineema alitoboa mfereji kwa jembe nje ya zamu ili apate maji ya kumwogesha mama. Senkondo alimshika mkono mwenyewe, akamtangaza mwenyewe ukingoni. Sheria ilikuwa fupi. Mwizi wa maji hapewi zamu mpaka apige magoti mbele ya ndiva na kusema, "Niliiba." Elineema alisema hakuiba, alikuwa anamwogesha mama yake. Mama akafa. Mwana hakupiga magoti na baba hakulegeza sheria, na miaka ikapita juu yao wote wawili. Shamba la Elineema la tangawizi likawa linaishi kwa matone yanayovuja kwenye kingo za mifereji ya wenzake.

Kisha kiharusi kikaja, kikamnyamazisha mfunguzi.

Madaktari wa bondeni walimpandikizia nyuma ya sikio nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazolinasa neno kabla halijafika ulimini. Lakini neno lililonaswa njiani linakuwa halijaiva. Mtambo ule, ambao watu waliuita Kinywa, huleta kwenye kioo maneno mawili matatu yanayokaribiana, lile linaloelekea zaidi likiwaka zaidi, na mtu anayemfahamu mgonjwa hulichagua kwa kidole. Hapo ndipo spika ndogo shingoni mwa mgonjwa hulitamka, kwa sauti yake mwenyewe, iliyosukwa upya kutokana na zile alfajiri zote ambazo kufuli la ndiva lilimsikiliza. Mchaguzi huyo huitwa mpembuzi, na sheria inataka awe wa damu. Elineema asingeweza kuikanyaga nyumba ile. Nakijwa akaacha kazi yake ya ualimu mjini Same, akapanda mlima na sanduku lake.

"Usichague neno zuri, dada," fundi aliyemfundisha alimwonya. "Chagua neno lake." Nakijwa akaapa hivyo mbele ya Baraza, mkono ukiwa ndani ya maji ya ndiva.

Aliharibu kwa neno dogo. Bi Nambike alikuja na chupa ya maziwa kumjulia hali mgonjwa, na kioo kikaleta maneno mawili. Lililowaka sana lilisema: *Maziwa yako yamechacha kama mwenyewe.* Lililofifia lilisema: *Asante kwa maziwa.* Nakijwa alitazama uso wa yule mama aliyepanda kilima na magoti mabovu. Kidole chake kikaenda kwenye lile lililofifia. Bi Nambike nusura aangushe chupa.

Baada ya hapo ikawa kama kuteleza kwenye matope ya kilima, huwezi kusema ni hatua ipi iliyokuangusha. Akachagua maneno yaliyofifia, kisha yaliyokaribia kuzimika. Halafu akagundua kwamba kibao kinapokea pia maneno ya kuandikwa. Kilitengenezwa hivyo ili mtu aongeze majina ya wajukuu waliozaliwa baadaye.

*

"Fungua mdomo, baba."

Mzee alifungua nusu. Nakijwa alimpa kijiko cha uji mzito. Uji mwepesi ulikatazwa, na maji matupu ndiyo kabisa, kwa kuwa koo lake lilikuwa limesahau njia na chochote chepesi kingemwingia mapafuni. Kibao kilikuwa kimeegemezwa kwenye bakuli, na kilikuwa kinawaka tangu walipotoka ndivani.

*Yeye aliiba maji. Wewe umeniiba mimi.*

"Uji unapoa."

*Umewaambia kijiji kizima nimempa. Sikumpa.*

"Miche yake imekauka mpaka ukiigusa inalia kama karatasi. Watoto wake wanaoga kwa kitambaa. Unataka nini tena? Wafe ndipo sheria yako ishibe?"

*Angepiga magoti, angepewa kesho yake.*

"Alikuwa anamwogesha mama!"

Mzee alikuwa anapumua kwa nguvu, jicho lake zima likiwa ukutani.

*Unadhani sikujua anamwogesha nani? Alikuwa mke wangu. Ningemwachia wangu, ningemzuia mtoto wa nani?*

Nakijwa aliweka kijiko chini. Alikuwa amejiandalia majibu ya matusi, maana matusi aliyazoea tangu utotoni. Hili lilimkasirisha zaidi.

"Basi uliyalinda maji," alisema, "ukamzika mama. Hongera."

*Nirudishie mdomo wangu.*

"Ukitaka kusema la maana, nitalitoa."

*La maana kwa nani?*

Alimfuta uji kidevuni. Maneno mapya yakaja, yakiwaka kwa ukali, bila mengine ya kuchagua kando yake.

*Sisemi tena. Tuone utachagua nini.*

Kisha kioo kikawa cheusi. Nakijwa alikitikisa, akidhani kimekufa. Hakikufa. Baba yake alikuwa amelala macho wazi, akiifunga akili yake kama alivyokuwa akiufunga ule mlango, mtu aliyezoea kuwanyima wengine sasa akijinyima mwenyewe.

"Nyamaza tu," Nakijwa alimwambia. "Nitasema mimi."

Na akasema. Alfajiri baada ya alfajiri, kutoka kwenye kioo cheusi, aliandika zamu na sauti ikazitamka na mlango ukafunguka. Hakumwonea mtu, alizigawa sawasawa, na za Elineema zikiwemo. Akaongeza salamu. Akaongeza pole kwa wafiwa. Siku moja akaongeza hata utani juu ya kuku wa Bi Nambike, na ukingo mzima ukaangua kicheko.

"Ningejua kiharusi kinafundisha adabu," alisema Bi Nambike akijifuta macho, "ningekiombea kije angali kijana."

Watu walianza kupita nyumbani bila sababu, kumsalimia tu mzee. Walimshika mikono. Walimsifu. Yeye aliwatazama mmoja mmoja kwa lile jicho zima, akiisikia sauti yake ikiwabariki, na machozi yake wakayahesabu kuwa ni upendo.

*

Elineema alikuja mchana wa jua kali, mkewe Zaituni akimfuata na kikapu cha tangawizi mpya. Hakuwa ameingia ua ule tangu matanga ya mama. Alisimama kwenye kizingiti kama mtu anayeogopa mbwa.

"Karibuni," Nakijwa alisema. "Wifi, pitisha huo mzigo huku."

"Onja kwanza," Zaituni alisema akivunja kidole cha tangawizi. "Inakuuma mpaka masikioni. Hiyo ndiyo tangawizi iliyokunywa maji, wifi. Ile ya zamani ilikuwa kuni."

Walicheka. Elineema hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wa chumba cha baba yake.

"Dada, nimekuja kukwambia jambo. Jumamosi nataka Baraza likutane ndivani. Nitapiga magoti."

Nakijwa alihisi tangawizi ikimchoma kooni. "Kwa nini? Maji si unapata?"

"Ndiyo maana yake." Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana kama ya baba yao, na alikuwa anatafuta maneno kama anayetafuta sarafu kwenye nyasi. "Angeninyima hadi kaburini, ningekaa wima hadi kaburini. Lakini ameanza yeye. Mzee kama yule! Ameniita mwanangu mbele za watu. Mimi ni nani niendelee kukaza shingo? Nitasema niliiba. Na kweli, dada, mfereji ule siku ile ulikuwa kwenye zamu ya mwanamke mwingine. Nilijua."

"Usijisumbue, kaka. Ameshasahau."

"Yeye kasahau kitu lini?" Hapo ndipo Elineema alipocheka, kicheko chepesi, cha kijana. "Nataka anitemee maji, dada. Kifuani, kama baba za watu. Watoto waone."

Ilikuwa desturi yao. Mtu akishakiri, baba yake hupiga funda la maji ya ndiva na kumpulizia kifuani, na bila maji yale maneno ya msamaha ni maneno tu.

Nakijwa angeweza kusema pale pale. Alijua hivyo alipokuwa amesimama na kikapu mkononi, na alijua hivyo hata walipokuwa wakiteremka kilima, Zaituni akigeuka kumpungia. Badala yake aliingia chumbani, akakaa kando ya kitanda.

"Anakuja kupiga magoti," alimwambia baba yake. "Si ndicho ulichotaka? Miaka yote hiyo, si ndicho? Nimekuletea."

Kioo kikabaki cheusi. Lakini mkono mzima wa mzee uliikunja shuka, ukaikunjua, ukaikunja tena.

*

Jumamosi kijiji kilikuja chote. Mzee Mrutu, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa amevaa koti la suti na viatu vya mpira, na alishika kibuyu kidogo cha maji.

"Daktari alikataza maji matupu," Nakijwa alimwambia kwa sauti ya chini. "Yatamwingia kifuani. Ngoja tufanye kwa maneno."

"Kwa maneno?" Mzee Mrutu alimtazama kama aliyeambiwa amzike mtu bila kaburi. "Funda moja, mwanangu. Wala hamezi. Anapuliza tu."

Elineema alivua shati, akalikabidhi kwa Zaituni, akaenda mbele ya kiti cha baba yake na kupiga magoti kwenye tope. Alikuwa ameandaa hotuba, kila mtu aliona hivyo. Hotuba ikamkimbia.

"Niliiba," alisema.

Ndipo, baada ya majuma ya giza, kioo kilipowaka mikononi mwa Nakijwa. Neno lilikuwa moja na halikuwa na mwenzake.

*Mwambie.*

Vidole vyake vilikuwa vimeshaandika. Sauti ikatoka shingoni mwa mzee, pana na tulivu: "Nimekusamehe, mwanangu. Sogea."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mrutu akamwinulia mzee kibuyu mdomoni, akammiminia funda. Elineema akafumba macho na kunyoosha kifua.

Maji hayakuja.

Senkondo alikuwa amefunga midomo. Mashavu yalimvimba, upande mmoja zaidi ya mwingine, na jicho lake zima lilimwelekea binti yake, halikupepesa. Kila kitu kingine alikuwa amenyang'anywa: miguu, ulimi, sauti, jina jema na jina baya. Midomo ilikuwa bado yake.

"Puliza, mzee," alisema Mrutu kwa upole. "Puliza tu."

*Mwambie.*

Nakijwa aliona koo la baba yake likicheza. Aliona rangi ikibadilika pembezoni mwa midomo. Alimjua. Angeyashikilia yale maji mpaka yamzamishe, juu ya kiti, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na wala asingeyatema.

Akabonyeza.

"Mwambie," ilisema sauti.

Vigelegele vikakatika. Elineema alifumbua macho. "Aniambie nini? Dada? Anasemaje?"

"Si yeye aliyekuita," Nakijwa alisema, kwa mdomo wake, na sauti yake ikasikika nyembamba na ya kigeni baada ya muda mrefu wa kusema kwa ile nyingine. "Si yeye aliyekupa zamu. Ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi. Baba hakusema neno hata moja."

Hapo mzee aliachia midomo. Maji yalimwagika kidevuni na kifuani pake mwenyewe, na kikohozi kikamkamata, kikohozi kibaya, cha mtu anayepasuka ndani. Nakijwa alimwinamisha mbele, akampiga mgongoni. Alipoinuka, kioo kilikuwa kinawaka tena. Alikisoma, akakisoma mara ya pili, akabonyeza haraka.

"Amesema," ilitamka sauti. "Nimemsikia. Mpeni zamu yake. Nileteeni maji mengine. Njoo, Elineema."

Hayo yalikuwa yake. Yote, kila neno, yaliwaka peke yake bila jingine kando. Lilikuwa jambo alilolisubiri mwanawe nusu ya maisha yake, na mzee alikuwa amemnyooshea ule mkono mzima hewani.

Elineema alibaki magotini, akiutazama mkono, kisha kibao, kisha uso wa dada yake.

"Hiyo ni yake," aliuliza, "au ni yako?"

"Yake, kaka. Naapa."

"Uliapa na mwanzo."

Alisimama. Alichukua shati lake mkononi mwa Zaituni, akalivaa ndani nje, na akateremka kilima kwa hatua ndefu. Mkono wa mzee ulibaki umenyooka kwa muda, kisha ukashuka wenyewe.

*

Maji yaliyoingia mapafuni yalifanya kazi yake. Wazee wa Baraza walipokuja nyumbani, homa ilikuwa imeshampanda Senkondo na kifua kilikuwa kinachemka kama sufuria lenye kifuniko. Waliketi kwenye viti vya plastiki kukizunguka kitanda. Bi Nambike alikuja nao, ingawa hakuna aliyemwalika, akasimama mlangoni.

Mzee Mrutu alieleza mambo kwa utaratibu, kama alivyozoea. Zamu ya Elineema itabaki: alipiga magoti, akasema, watu wakasikia, na magoti hayarudishwi. Mlango wa ndiva utafunguliwa kwa mkono, chini ya ulinzi, mpaka apatikane mfunguzi mwingine. Kilichobaki ni Kinywa.

"Mpembuzi aliyevunja kiapo haruhusiwi kukishika," alisema. "Elineema tumemwomba, amekataa. Amesema hataki kuisikia sauti ile tena, hata ikisema kweli. Kwa hiyo ni wewe, mwanangu, au tunakiondoa. Na tukikiondoa, mzee atamaliza siku zake bubu."

"Nifanye nini?"

"Kitu kidogo. Omba msamaha. Uape upya. Tutakuachia."

Nakijwa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa chenye maji mkononi. Kupitia dirishani aliweza kuliona shamba la kaka yake ng'ambo ya korongo, la kijani kibichi, na Zaituni ameinama katikati yake. Zaituni alikuwa akija kila jioni kuleta supu, anaiacha kwenye kizingiti, bila hodi.

"Nilidanganya," Nakijwa alisema. "Nimekiri mbele yenu na nitakiri popote mtakapo. Lakini nyinyi, wazee wangu, mlikuwa wapi mama alipokuwa anaungua kwa homa na ndiva ina maji? Mlimsifu. Mkasema Senkondo ni mtu wa haki, hata mkewe hakumpendelea. Halafu nikawatengenezea Senkondo mwingine, mkamiminika hapa kama nyuki. Mama Nambike, ulimletea maziwa nani? Ule utani wa kuku uliocheka, ulikuwa wa nani?"

Bi Nambike aliinamisha uso.

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza," Nakijwa aliendelea. "Mtu mliyemjua miaka yote anaamka siku moja amekuwa asali, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mlimpenda huyu wangu kuliko huyu wa kweli."

"Hilo ni letu na Mungu," alisema Mzee Mrutu, na sauti yake haikuwa na hasira. "Wala hatutaki utuombe sisi. Muombe huyu."

Kibao kilikuwa juu ya mto wa kulalia, kando ya sikio la mgonjwa. Kiliwaka. Nakijwa alikiinua, akakitazama, na hakugusa kitu. Kisha akakigeuza, akawanyooshea wazee.

Maneno yalikuwa mawili, moja juu na jingine chini, na mwanga wake ulilingana kabisa.

*Mwacheni.*

*Mwondoeni.*

"Chagueni," alisema Nakijwa. "Nyinyi mnaomjua."

Kibao kilipita mkono kwa mkono. Mmoja alikisogeza mbali na macho, mwingine akakisogeza karibu, kana kwamba tatizo lilikuwa miwani. Mzee Mrutu aliinua kidole, akakishusha. Bi Nambike hakutaka hata kukishika. Kikamzunguka mgonjwa na kumrudia Nakijwa kama kilivyoondoka, na mzee juu ya mto alikuwa akiwatazama wote kwa jicho moja, kifua kikichemka, asiweze kuwasaidia.

Nakijwa alikilaza kibao kifudifudi juu ya blanketi. Alimwinamia baba yake mpaka pumzi yake ya moto ikamgusa uso.

"Baba," alisema, "nilikuiba, kama ulivyosema. Nilikusemea usiyoyataka, nikakuacha ulie mbele za watu, na kesho kaka akikosa maji nitafanya vile vile."

"Nakijwa," Mzee Mrutu alisema kwa kusihi. "Neno moja tu, mwanangu. Kabla hatujaita fundi."

Alichovya kitambaa kwenye bakuli, akakikamua, akamwekea baba yake kwenye paji la uso, akakinyoosha vizuri pembe zote.

"Iteni fundi," alisema. "Msamaha siombi."